Neno Linaloanza na B

Kwa mwaka mzima sikuwahi kushukia kwetu. Nilikuwa kidato cha pili, tukikaa Bombolulu, na kila jioni nikitoka mjini nilishuka Kengeleni, pale penye kengele ya Frere Town, nikaenda kwa miguu kando ya barabara ya Malindi mpaka nyumbani. Jua la jioni shavuni, mkoba mgongoni, matatu zikinipita moja baada ya nyingine zikiwa na viti vitupu. Jirani aliniona akamwambia mama. Mama akadhani nauli naila. Siku moja akanikalisha akaniuliza kwa upole pesa nampelekea nani, nami nikainamisha kichwa, kwa sababu jibu lenyewe lilikuwa neno nisiloweza kulitamka.

Bombolulu huanza na B.

Nina kigugumizi. Nimekuwa nacho tangu ninapojikumbuka, na ninacho leo ninapoandika haya nikiwa na miaka 34. Utaniuliza: si ungegonga bodi tu ukashuka? Nilikuwa nikigonga. Lakini muziki wa matatu zetu unajulikana, na makanga hugeuka akauliza, "Wapi, kijana?" na pale pale gari zima likageuka pamoja naye. Midomo ikakutana kwa ile herufi, ikagandamana. Hewa ikakwama kifuani. Watu wakangoja kidogo, kisha mmoja akacheka, mwingine akanisemea neno ambalo silo, nami nikaitikia kwa kichwa, nikashuka nisikotaka kushuka. Kengeleni ilikuwa rahisi. Pale kila siku kulikuwa na mtu anayeshuka, nikashuka nyuma yake kimya.

Njia yangu ya miguu ilinipitisha karibu na karakana za Bombolulu, zile zilizoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa viungo. Jioni niliwaona mafundi wakitoka, wengine kwa magongo, wengine kwa viti vya magurudumu, wakizungumza na kutaniana. Niliwaonea wivu, na najua ni jambo zito kulisema. Wao hawakuwa na pa kuuficha mwili wao, kwa hiyo walitembea nao mchana kweupe. Mimi nilikuwa na pa kujificha. Nilikuwa na kimya.

Nyanya yangu, mzaa mama, anakaa Kibokoni, Mji wa Kale. Wajukuu wote humwita Bibi. Mimi peke yangu nilimwita Nyanya, na tangu utotoni hakuniuliza kwa nini. Nyanya ndiye aliyenipeleka kuandikiwa kombe: sahani nyeupe, aya kwa wino wa zafarani, ikaoshwa, nikanywa. Nilipokunywa mara ya tatu na ulimi ukabaki vile vile, hakunipeleka tena. Akafanya jambo jingine, ambalo nimekuja kulielewa nikiwa mtu mzima. Kila nilipomwendea na habari, alichukua ukili wake akaanza kusuka. Macho kwenye ukili, vidole vinakwenda, sikio kwangu. Hakunitazama mdomo. Hakunimalizia neno hata moja. Hakuniambia "taratibu," wala "vuta pumzi," wala "usiogope." Alisuka mpaka nikamaliza, hata kama habari yenyewe ilikuwa paka kaiba samaki na imechukua robo saa kuisimulia.

Shuleni mambo yalikuwa tofauti. Kulikuwa na somo la kusoma kwa sauti, mwanafunzi mmoja mmoja, na mimi nilikuwa na hesabu yangu: nilihesabu viti vilivyobaki, nikahesabu aya, nikaitafuta yangu mapema kuona ina B ngapi. Zikiwa nyingi, zamu yangu ikifika nilisimama nikatikisa kichwa, kwamba kitabu nimekisahau nyumbani. Kitabu kiko ndani ya dawati. Nikapigwa kiboko. Nilichagua kiboko mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mwalimu yule alinijua kwa uvivu, na mpaka leo huenda ananikumbuka hivyo.

Chuoni tu, yaani madrasa, ndiko nilikopumzika. Tulipokuwa tukisoma sote pamoja, wavulana thelathini kwa sauti moja, ulimi wangu ulikwenda kama mashua iliyopata kusi nyuma yake. Hakuna herufi iliyonikamata. Akinyamaza mwenzangu wa kulia na wa kushoto nikabaki peke yangu, nanga ikashuka. Kwa miaka mingi niliona hiyo ni siri ya ajabu kati yangu na Mola. Kumbe ni jambo linalojulikana: wenye kigugumizi karibu wote husema vizuri wakiimba au wakisoma pamoja na wengine. Niliyasoma hayo kwenye simu nikiwa na miaka 29. Nikasoma pia kwamba kigugumizi huanza mara nyingi kati ya miaka 2 na 5, kwamba watoto wengi hupona wenyewe, kwamba katika watu wazima 100 hubaki kama mmoja, na wanaume ni wengi kuliko wanawake. Chanzo chake kiko katika namna ubongo unavyopanga matamshi, na mara nyingi hutembea katika ukoo. Woga hukizidisha, haukizai. Nilikaa na sentensi hiyo ya mwisho usiku kucha. Nilikuwa nimeishi miaka yote nikiamini mimi ni mwoga, na kwamba nikipata ushujaa tu, nitasema.

Watu husifu Kiswahili changu. Huniambia nina msamiati mpana. Leo niseme ulikotoka. Mtu aliyefungiwa mlango hujifunza madirisha yote ya nyumba. Baba nilimwita mzee. Barua ikawa waraka. Bora ikawa afadhali. Bei nikauliza "hii ni ngapi?" Baridi nikasema kipupwe, hata kama si msimu wake. Kabla sentensi haijatoka nilikuwa nimeshaipitia yote kichwani, nikaona mwamba uko wapi, nikakata kona. Nilikuwa hodari, na wasikilizaji wengi hawakugundua kabisa. Lakini hodari wa kukimbia amechoka kuliko mtu mwingine yeyote, na jioni nilirudi nyumbani nimechoka kama mpakuzi wa magunia, hali sikusema maneno hata hamsini.

Kuna vitu viwili visivyo na kisawe: majina na nambari.

Mwaka 2014 nilipata kazi ya ukarani katika yadi moja ya makontena upande wa Changamwe. Kazi ni kusimama na daftari, kusoma nambari ya kontena, na kumwambia kwa redio mwenzako aliye ofisini au dereva wa mashine ya kunyanyulia. Nambari ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba. Herufi tatu za mwanzo ni za mwenye kontena, ya nne karibu siku zote ni U, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki zilizotangulia. Huwezi kuisema kwa namna nyingine. Huwezi kumwambia dereva "lile jekundu la afadhali." Zikianza na M au T nilisalimika. Zikianza na B, nilikuwa nikiandika kwenye karatasi nikakimbia nayo, mita mia mbili juani, kuionyesha. Wenzangu walidhani ni bidii.

Siku moja sikuwahi kufika. Redio inaniita, nimekibonyeza kitufe, midomo imefungana, upande wa pili wanasikia mlio mtupu. Kontena silo likapandishwa kwenye lori silo, likatoka getini. Lilirudishwa siku hiyo hiyo, lakini msimamizi alinisimamisha mbele ya watu akaniuliza, "We una nini?" Nami hilo nalo sikulijibu.

Kisha ikaja reli. Treni mpya ya abiria ilianza mwisho wa Mei 2017, ya mizigo ikafuata Januari 2018, na makontena yakawa yanapita mbele yetu kwenda kufunguliwa Nairobi. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba mizigo yote inayoingia ipande treni. Waliokuwepo Mombasa wanakumbuka maandamano ya zile Jumatatu, madereva, mawakala, wauza chakula wa kandokando ya yadi, watu ambao hawajawahi kuandamana maishani. Amri ilisitishwa baadaye mwaka huo huo, lakini yadi yetu ilikuwa imeshaanza kupunguza watu. Jina langu lilikuwa katika orodha ya kwanza. Sikushangaa. Mtu asiyesema ni rahisi kuachishwa. Hata kwaheri hasumbui nayo.

Nikarudi Mji wa Kale kwa ami yangu, aliyekuwa akiuza kahawa chungu na goti limeanza kumkataa. Akanipa dele la kahawa, seredani ya makaa, ndoo ya maji, finjani kumi na mbili na sahani ya kashata. Akanifunza kiasi cha tangawizi. Akanifunza njia: kutoka Makadara, kupita Ndia Kuu, kushuka mpaka karibu na Ngome, kisha kurudi kwa vichochoro kabla ya isha. Akanifunza na kugonga. Muuza kahawa wa Mombasa hapigi kelele. Huchukua finjani mbili katika mkono mmoja akazigonganisha, kli kli kli, na mtu aliye ndani ya nyumba, ghorofani, amelala, hujua kahawa imefika. Ami alikuwa na mlio wake, na wateja waliujua toka mbali wakautofautisha na wa muuzaji mwingine.

Nilifurahi mno. Nilijiambia nimepata kazi iliyoumbwa kwa ajili yangu: biashara isiyotaka mdomo. Wiki ya kwanza sikusema neno. Niligonga, nikamimina, nikapokea shilingi kumi, nikainamisha kichwa, nikaenda.

Wiki ya pili, kwenye baraza moja ya Kibokoni, wazee wanne wanacheza dhumna, mmoja akainua macho. "Wewe si mwenye dele hili. Wewe wa nani?"

Mtu wa Mombasa anajua uzito wa swali hilo. Halitaki jina lako tu. Linataka la baba yako, la babu yako, mtaa, na ikibidi nyumba. Na majina, nimeshasema, hayana visawe. Jina la babu yangu huanza na B. Nilianza, nikakwama. Nikatafuta dirisha, hakuna. Nikatazama dele, nikafikiri kulibeba niondoke, njia ile nisiipite tena. Vichochoro ni vingi.

Mzee mwingine, ambaye hata hakuacha kutazama vipande vyake vya dhumna, akasema: "Sema, mwanangu. Kahawa yenyewe ni moto, hatuna haraka."

Nikasema. Ilichukua muda mrefu, na sikuficha. Uso ulikunjamana, mguu ukapiga chini, ile B ikatoka vipande vipande mara saba au nane mpaka jina la babu likakamilika. Yule wa kwanza akatikisa kichwa. "Ahaa. Babako mkubwa namjua, tulivua pamoja." Akaweka kipande chake. Mchezo ukaendelea. Hakuna aliyeshtuka na mji haukuanguka.

Usiku ule nilifikiri sana. Miaka yote, nikisikia neno kujiamini, niliona sura moja tu: mwenye kipaza sauti, anayesimama kifua mbele, anayejibu kabla swali halijaisha. Huu ni mji wa maneno, wa mafumbo na majibizano, na asiye na mdomo huhesabiwa hana kitu. Nami nilikuwa nimekubali hesabu hiyo. Nilikuwa nikingoja kwanza nipone ndipo nijiamini. Barazani pale nilisema kwa kigugumizi kikubwa kuliko siku zote, na ndiyo siku ya kwanza ambayo sikukimbia. Wazee husema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa nimejifariji nao utoto wangu wote. Lakini kimya changu hakikuwa na mshindo. Kilikuwa maficho. Kulikuwa na utulivu wa aina nyingine, wa kusimama ndani ya neno lililokwama bila kulitoroka, na huo nilikuwa sijaugusa.

Nikajiwekea ahadi, bila kumwambia mtu: katika njia ya kahawa sibadilishi neno. Likija la B, litatoka lilivyo. Nilianza na "bei." Mgeni akiuliza, nasema, "B-b-bei shilingi kumi." Kisha "baridi." Kisha "baba." Siku nyingine nilishindwa nikasema mzee, nikaenda nyumbani nikiwa na deni, na kesho yake nikalilipa. Wateja wengine walinikatiza. Watoto waliniiga, na hilo liliuma, linauma hata sasa nikilikumbuka. Lakini pale penye dhumna sikukatizwa hata mara moja.

Machi 2020 ikaja korona, ikaja kafyu ya saa moja jioni, saa ambayo kahawa ndiyo kwanza inanoga. Mwezi wa Mei, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale ukafungwa kuingia na kutoka. Dele likakaa kabatini. Tulikula tulichopata, na sitayasimulia yale, kila nyumba ina yake. Niseme moja tu la barakoa. Ilinifunika mdomo, na watu wasiponiona mdomo walidhani nimenyamaza, wakaondoka nikiwa katikati ya neno. Nikajifunza kuinua kiganja: bado, ngoja. Sikuwahi kumwambia mtu angoje katika maisha yangu. Mkono ulinifunza kabla ya ulimi.

Nilioa mwaka 2021. Jina la mke wangu huanza na B, na msomaji anayedhani nalipamba namwambia ndivyo alivyopanga Mungu.

Kabla ya siku yenyewe nilikwenda kwa shekhe nikamweleza. Bwana harusi hutakiwa kujibu mara moja, wazi, mbele ya mashahidi. Shekhe alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia hakuna uzito: naweza kusema "nimekubali ndoa yake," inatosha, jina si lazima nilitaje, hata bubu huoa kwa ishara. Akanikumbusha na dua ya Nabii Musa, aliyeomba afunguliwe fundo la ulimi, naye akapelekwa kwa Firauni na ulimi wake huo huo, na ndugu yake Harun kando. Nilitoka pale mwepesi. Nilikuwa nimepewa dirisha halali kabisa, lenye hoja ya elimu.

Siku ya nikahi, msikiti umejaa, udi unafuka, mkono wangu ndani ya mkono wa shekhe. Akasema maneno yake, akataja jina la bibi harusi na mahari. Nikafungua mdomo. Nilikuwa na "ndoa yake" ulimini, tayari. Nikaliona jina, nikawaza kwamba nitaliita jina hili maisha yangu yote, jikoni, hospitalini, usiku wa giza, na siwezi kuanza kwa kulizunguka.

"Nimekubali kumuoa B..."

Sijui ilikuwa muda gani. Nasikia mlio wa pangaboi. Nasikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi anisemee, na shekhe akiinua mkono wake wa kushoto kumzuia, bila kuniachia wa kulia. Sikusukuma. Zamani ningesukuma mpaka mishipa ya shingo isimame. Nilikaa tu na ile B, kama mtu aliyekaa na mgonjwa, nikijua itaondoka itakapoondoka. Ikaondoka. Jina likatoka zima, na mahari yakafuata. Ami yangu alilia. Mke wangu, aliyekuwa nyumbani na wanawake akisikiliza kwa simu ya kaka yake, ameniambia alijua nitalisema. Nilimuuliza alijuaje. Akasema, "Si unaniitaga hivyo hivyo kila siku?"

Septemba 2022 rais mpya aliamuru shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa, na taratibu kazi zikaanza kurudi upande wetu. Mwaka uliofuata nikaitwa usaili katika yadi nyingine. Watu watatu mezani. Kabla hawajauliza nikasema: "Nina kigugumizi. Nambari nitazisema zote, na nitazisema sawa. Nitahitaji muda kidogo." Wakatazamana. Wakanipa redio na orodha ya makontena kumi. Mawili yalikuwa ya B. Nilichelewa katika yote mawili, na yote kumi yalikuwa sahihi. Ndiko ninakofanya kazi hadi leo. Zipo siku mbaya, na kuna dereva mmoja ambaye bado hupiga honi nikikwama. Namwinulia kiganja.

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, nilipita Kibokoni. Mtoto wa jicho umemfunika nyanya yangu macho yote mawili. Haoni tena ila mwanga wa mlangoni. Alikuwa sakafuni juu ya mkeka, ukili mapajani, vidole vikisuka kwa kuzoea. Nikavua viatu, nikakaa karibu yake. Alijua ni mimi kwa hatua zangu, akangoja nimsalimu kama ninavyomsalimu siku zote.

"Shikamoo, Bi..." nikasema, nikakwama. Ni neno la ajabu, lenyewe limejirudia kabla sijalirudia mimi. Bi, bi, bi, bi. Vidole vyake havikusimama. Ukili ulirefuka kidogo pale mapajani. Nje mtu alikuwa akigonga finjani, na mlio haukuwa wa ami yangu.

"...bibi."

Akafika mwisho wa mkunjo, akaukaza kwa kidole gumba.

"Labeka, mjukuu wangu," akasema, akaendelea kusuka.